Meno ya Mama wa Kukodi

Hyangsuk alikuwa ameoza watoto wengi kuliko mwanamke yeyote wa mtaa wake wa Bupyeong, na hakuwahi kuzaa hata mmoja. Kazi yake ilikuwa kuwa mama. Kila Jumamosi na Jumapili alivaa hanbok, vazi la jadi la Kikorea, ya waridi akiwa mama wa bibi harusi, ya buluu akiwa mama wa bwana harusi, akapanda treni ya chini ya ardhi na raba miguuni, viatu vya sherehe mkobani, hadi ukumbi wowote aliopangiwa. Huko aliwasha mshumaa, akakaa kwenye kiti cha mzazi, akainamiwa na maharusi, akafuta chozi pale palipohitaji chozi, kisha akazunguka meza kwa meza kuwashukuru watu asiowajua kwa kuja kumshangilia mtoto asiyemjua.

Waliomkodi walikuwa na sababu zao. Huyu mama yake alikufa, yule mama yake alitoroka, mwingine mama yake yuko hai na afya yake, ila hawasemezani. Hyangsuk hakuuliza zaidi ya kile alichohitaji kujua ili asije akajikanyaga mbele ya wakwe. Alikuwa na miaka hamsini na minane, ameachika zamani, na alikuwa amechoka. Uchovu wake ulikaa mashavuni. Jumapili jioni, akishafika nyumbani na kuvua pini za nywele, mashavu yalimuuma kama ya mtu aliyepiga tarumbeta mchana kutwa.

Hata hivyo cheko lake la kazini halikuwa kubwa. Alicheka midomo imefumbwa, na likimponyoka la kweli, mkono uliruka wenyewe kwenda kuziba kinywa. Meno yake yalikuwa ya kijivu. Hayakuoza, hayakupinda, wala hayakuwa na pengo. Yalikuwa imara kama ya punda. Lakini yalikuwa na rangi ya risasi ya penseli, yamepigwa mistari ya hudhurungi iliyopita jino hadi jino, kama alama za maji ya mafuriko kwenye ukuta.

Mume wake wa kazini alikuwa Bwana Pyo, dereva wa basi mstaafu, mrefu, mwembamba, ambaye meno yake yote ya juu yalikuwa ya kuvaa na kuvua. Wakala wa wazazi wa kukodi aliwapanga pamoja mara nyingi kwa sababu walifanana na watu waliozoeana. Na kweli walikuwa wamezoeana.

Sasa, katika harusi zote hizo ilikuwepo moja ya bibi harusi aitwaye Narae. Ilikuwa mwezi wa kumi. Narae alikuwa binti mkavu, mwenye macho ya mtu aliyejilea mwenyewe, na chini ya gauni lake tayari palikuwa na mimba changa. Walipokutana kufanya mazoezi alimwambia Hyangsuk maneno machache tu: "Mama yangu aliondoka nikiwa darasa la pili. Wakwe wanajua yupo Busan, ana duka la vitambaa. Usiongee sana." Basi. Hyangsuk akakariri Busan, akakariri vitambaa, na Bwana Pyo, aliyepangiwa kuwa baba, akakariri naye.

Siku yenyewe mambo yalikwenda vizuri mpaka mwisho, wakati bwana harusi, kijana mnene mchangamfu aitwaye Taegyu, alipotakiwa na rafiki zake ambebe mama mkwe mgongoni azunguke naye ukumbini. Hyangsuk akakataa kwa mikono miwili. Kijana akachuchumaa. Watu wakapiga makofi. Kabla hajajua afanye nini alikuwa yuko juu, hanbok imepanda magotini, raba zake zinaonekana kwa sababu alisahau kubadili viatu, na Taegyu anakimbia naye katikati ya meza huku akiguta, "Mama mkwe wangu ni mwepesi! Mlisheni mama mkwe wangu!" Hyangsuk akacheka. Alicheka kinywa wazi, kichwa nyuma, mikono yote miwili imeshika mabega ya kijana, hata mmoja haukubaki wa kuziba mdomo. Mpiga picha naye hakuwa amelala.

Wiki mbili baadaye Meneja Gu wa wakala akapiga simu.

"Mama, umekula?"

"Nimekula. Sema."

"Kuna jambo dogo." Jambo dogo kwa Meneja Gu halijawahi kuwa dogo. "Ile harusi ya Narae. Bibi harusi amelalamika kuhusu picha."

"Raba?"

"Raba tungezikata. Ni meno, mama. Mpiga picha amejaribu kuyapaka rangi kwenye kompyuta, yakatoka kama zipu. Na video ndiyo haishikiki kabisa." Akashusha pumzi. "Mimi nakuheshimu, unajua. Lakini mama wa siku hizi ana meno. Watu wanalipia mama mwenye meno. Yashughulikie kabla ya msimu wa machipuko, la sivyo itabidi nikupeleke kwa mashangazi."

Mashangazi walikuwa wale wanawake wa kujaza nafasi, wanaosimama safu ya nyuma kwenye picha ya ukoo, mdomo umefungwa, wakimaliza wanaondoka. Hyangsuk akasema amesikia. Baada ya kukata simu alikaa jikoni na sahani yake ya mchele uliopoa. Kilichomuuma si mashangazi. Kilichomuuma ni kwamba katika miaka yote ile ya kuigiza furaha, waliyolalamikia ni ile mara moja aliyofurahi.

Jumapili iliyofuata, baada ya harusi nyingine, alimweleza Bwana Pyo yote katika kibanda cha tambi nyuma ya stesheni.

"Ndiyo maana umenuna hivyo, mke wangu," Pyo akasema. "Nilidhani nimekukosea kule ukumbini."

"Ulinikosea pia. Ulimwambia mkwe tuna watoto watatu."

"Mmoja nilimzaa pale pale, nilikuwa nimechangamka." Akavuta tambi, akatafuna kwa upande mmoja. "Sikiliza. Usiogope meno ya bandia. Mimi yangu nikiyavua naongea kama mtoto mchanga, nikiyavaa naongea kama mbunge. Utachagua mwenyewe siku hiyo unataka kuwa nani."

"Sitaki kuwa mbunge."

"Basi unataka nini?"

"Nataka niachwe nipumzike."

Pyo akamtazama, akaacha utani. "Hayo, mama, hayauzwi kliniki."

Wahenga walisema jino la pembe si dawa ya pengo, lakini wahenga hawakuwahi kufika Apgujeong. Huko kila jengo lina daktari wa meno juu ya daktari wa pua juu ya daktari wa kope. Hyangsuk alikwenda kwenye kliniki aliyotajiwa na Meneja Gu, ghorofa ya tisa, mahali panaponukia maua na dawa, akapokewa na mshauri wa kike aliyevaa koti jeupe. Meno ya mshauri yalikuwa meupe kama vigae vya msalani vilivyotoka kusuguliwa. Yalikuwa mazuri. Hyangsuk hakuweza kuyaondolea macho, kama vile mtu asivyoweza kuacha kutazama taa.

Walimvuta midomo kwa vidude vya plastiki, wakampiga picha, kisha wakaitupa picha ile kwenye kioo kikubwa ukutani. Hakuna mwanadamu anayependeza kinywa chake kikiwa kimevutwa pande zote kama mdomo wa gunia. Hyangsuk akainamisha kichwa.

"Hii ni rangi ya dawa," mshauri akasema kwa huruma iliyofunzwa. "Wagonjwa wetu wengi wa umri wako wanayo. Ulipewa dawa ukiwa mdogo, siyo?"

"Ndiyo."

Alipewa. Alikuwa na miaka minne, huko Yeongwol kwenye machimbo ya makaa ya mawe, kifua kimembana mpaka midomo ikawa ya zambarau, na mama yake akamfunga mgongoni akatembea naye kwenye theluji hadi kwa daktari. Walirudi na chupa ya maji ya njano, machungu. Kipindi chote cha baridi mama yake alimpa kijiko asubuhi na kijiko jioni, na baada ya kila kijiko punje ya sukari aliyoificha ndani ya sanduku la cherehani. Kifua kikapona. Meno ya utotoni yalipong'oka, yakaota haya. Sasa mama yake alikuwa amekwisha kufa, na katika maisha yake yote hakuwahi kuyasema lolote meno yale, wala Hyangsuk hakuwahi kumuuliza.

"Kung'arisha kwa taa hakutafika ndani," mshauri aliendelea. "Utatoka na kijivu cheupe badala ya kijivu cheusi. Kwa hali yako, mama, kuna vigamba vya kauri au kofia. Kofia inafunika jino lote. Kigamba kinabandikwa mbele tu, kama kucha ya bandia. Tunaweka kumi juu. Lakini kwa kuwa rangi yako ni nzito, kigamba nacho lazima kiwe kinene kidogo ili isipenye, kwa hiyo tutachonga jino zaidi ya kawaida."

"Mnachonga kiasi gani?"

Mshauri akaonyesha kwa kucha yake. Kilikuwa kidogo sana. Kisha akabonyeza kitu, na kwenye kioo Hyangsuk akaota meno mapya.

"Sasa tuchague cheko. Tuna la kifahari, tuna la ujana, na tuna la kuaminika."

"La kuaminika likoje?"

"Meno mawili ya kati yanarefushwa kidogo, kingo zinanyooshwa. Watu wa benki wanalipenda sana. Kwa akina mama wanaoozesha watoto tunapendekeza la kifahari. Unaoza mtoto?"

"Karibu kila wiki," Hyangsuk akasema, na mshauri akacheka akidhani ni mzaha.

Akaletewa ubao wenye meno madogo yaliyopangwa kutoka manjano hadi meupe, kila moja na namba yake. Mshauri aliyasogeza mdomoni mwake moja baada ya jingine. Nyeupe ya asili. Nyeupe ya maziwa. Nyeupe ya watangazaji wa televisheni. Hyangsuk alitazama kwenye kioo cha mkononi, na kila alipotazama alizidi kutojua. Mwishoni aliuliza jambo moja tu.

"Jino likishachongwa, linarudi?"

"Halirudi, mama. Lakini kigamba kikitunzwa kinakaa miaka mingi."

"Halafu?"

"Halafu tunaweka kingine."

Akaahidi kufikiri. Kwenye treni, amekaa kati ya wasichana wawili wanaojitazama kwenye simu, aliwaza kwamba akikubali meno yale, itabidi acheke kila siku ya maisha yake iliyobaki ili yapate kulipa. Wazo lile lilimchosha hata akapitiliza stesheni yake.

Daktari wa pili alimpata karibu na nyumbani, juu ya duka la kuku wa kukaanga, kwa hiyo chumba cha kusubiri kilinuka mafuta. Daktari Noh alikuwa mwanamke wa makamo, mfupi, mwenye sauti ya kukwaruza. Hakuwa na mshauri. Alimlaza, akamchungulia, akagonga jino hapa na pale kwa chuma.

"Una meno mazuri," akasema.

"Usinitanie, daktari."

"Nina watu kumi na tano leo, nina muda wa kutania? Mazuri. Hayajaoza hata moja. Ni rangi tu. Kwani nani kakuambia ni mabaya?"

"Kazini."

"Kazi gani?"

Hyangsuk akasita. "Ya kupokea wageni."

Daktari Noh akavua barakoa, akakaa kwenye kigoda chake. "Haya. Apgujeong wamekuambia vigamba, na hawakudanganya, vinapendeza. Utang'aa baada ya wiki mbili tu. Lakini nitachonga meno mazima. Pili, naweza kubandika utomvu mweupe juu bila kuchonga, nikaukausha kwa taa. Ni rahisi, ila utavimba mdomo kidogo kama umeweka chakula mbele, na kila mwaka utakuja nikuzibie ulipobanduka. Tatu, kung'arisha polepole. Nakutengenezea sahani laini ya plastiki ya umbo la meno yako, unatia dawa ndani, unavaa jioni. Siyo wiki. Miezi sita, pengine minane, na kwa rangi yako haitafika nyeupe. Itafika..." Akatazama huku na huku akitafuta mfano. "Maji ya kuoshea mchele. Yale ya kwanza."

"Na ya nne?"

"Ya nne ni kwenda nyumbani. Hiyo haina malipo, lakini uniachie ya leo."

Hyangsuk alicheka, mkono mdomoni. Kisha akajikuta macho yamemjaa machozi, akaona aibu. Daktari hakuuliza. Alimpa karatasi laini, akageuka kunawa mikono, akanawa kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Ile ya polepole," Hyangsuk akasema. Hakuweza kueleza kwa nini. Labda kwa sababu ndiyo pekee ambayo angeweza kuiacha katikati.

Kama angejua, asingechagua. Msimu wote wa baridi alikaa jioni mbele ya televisheni na plastiki mdomoni, mate yakimtiririka, ufizi ukimwasha. Meno yakawa na hisia za mtoto mchanga: upepo wa kituoni ukiingia kinywani, mchomo ulipanda hadi jichoni. Akaacha kahawa. Akaacha kimchi nyekundu, ile kabichi ya pilipili iliyochachushwa, akawa anakula figili nyeupe za kuloweka kama mgonjwa. Jirani alipomgongea mlango siku moja akataka chumvi, Hyangsuk alijibu na plastiki mdomoni, na kesho yake mtaa mzima ukajua amepata kiharusi. Wakamletea uji.

Meneja Gu hakusubiri maji ya mchele. Msimu wa harusi ulipofunguka alimleta mama mpya, mwenye meno ya kifahari, akampanga na Bwana Pyo. Hyangsuk akapelekwa kwa mashangazi.

Jumamosi ya kwanza aliona haya hata kuingia. Alisimama safu ya nyuma akamwona Pyo kule mbele, amekaa wima kando ya mwanamke mgeni, akimnong'oneza kitu, na mwanamke yule hakucheka. Hilo lilimfariji, naye akajilaumu kwa kufarijika. Picha ikapigwa. Kisha akagundua jambo ambalo hakulitarajia. Mashangazi hula. Mama huzunguka meza akishukuru, akifika kwenye chakula samaki amekauka na supu imeganda mafuta. Lakini shangazi huchukua sahani mapema, huketi pembeni, hula mbavu za ng'ombe zikiwa bado zinatoa moshi. Hakuna anayemtazama. Hakuna anayemuuliza habari za Busan. Hyangsuk alikula kimya, na mashavu yake hayakumuuma.

Ikawa hivyo machipuko yote. Mwezi wa nne, katika harusi ya Suwon, Pyo alimtoroka mke wake mpya akaja kuketi meza ya mashangazi, tai ameilegeza.

"Rudi kwako, we mzee, utatufukuzisha kazi," Hyangsuk akamnong'oneza.

"Kule sina raha. Nimemwambia yule mama mzaha wa daktari na mbuzi, akaniuliza mbuzi alikuwa wa nani."

Hyangsuk akapaliwa na supu. Akacheka, akajaribu kuzuia, akashindwa, akacheka tena mpaka shangazi mwenzake akampiga mgongoni. Hakuona kwamba meza ya nne kutoka pale, upande wa wageni wa kweli, palikuwa na mama mmoja wa makamo aliyeacha kula, akamkazia macho.

Mwezi wa nane, joto likiwa limekaza, Meneja Gu akapiga simu tena.

"Mama, umekula?"

"Sema."

"Narae amejifungua. Mtoto anatimiza siku mia, kuna sherehe. Mama mkwe anataka kumwona bibi wa Busan, hatasikia la mtu. Siwezi kupeleka mama mwingine, si unaelewa? Mama ni yule yule. Wewe na Pyo, Jumapili. Meno yamefikia wapi?"

Hyangsuk akaenda msalani akafungua kinywa mbele ya kioo. Kijivu kilikuwa kimepauka. Mistari ilikuwepo bado, lakini ilikuwa imefifia, kama mtu amepitisha kifutio mara moja akaitwa na shughuli nyingine.

"Yamefika," akasema.

Nyumba ya Narae ilikuwa ghorofa ya kumi na mbili, kiyoyozi kinanguruma, meza imejaa keki nyeupe za mchele na supu ya mwani. Taegyu alimkumbatia mama mkwe wake kwa nguvu zile zile, akamkumbatia na Pyo. Narae alisimama nyuma, amekonda, nywele zimekatika kwa uzazi, mabega yameshuka. Alimtazama Hyangsuk mdomoni mara moja, akaangalia chini.

"Mama," akasema, akampisha mlangoni.

Mama yake Taegyu, Bi Ryu, aliyeishi nao, alikuwa mwanamke mpole wa sura, mgumu wa mkono. Alimpa Hyangsuk mtoto bila kuuliza. Mtoto alikuwa mzito, wa joto, ananuka maziwa. Akanyoosha kidole akakitia moja kwa moja kinywani mwa Hyangsuk, akashika meno ya chini kama anayapima bei. Watu wote wakacheka. Hyangsuk hakuwa na mkono wa kuzibia mdomo, maana yote miwili ilikuwa imembeba mtoto.

Baadaye, Pyo alipokuwa sebuleni anamweleza Taegyu habari za duka la vitambaa ambalo hajawahi kuliona, Bi Ryu alimfuata Hyangsuk jikoni akafunga mlango.

"Mkwe mwenzangu, ngoja nikumenyee pea." Akachukua kisu, akaanza kumenya, ganda likishuka refu bila kukatika. Akasema bila kuinua macho. "Mwezi wa nne nilikwenda harusi Suwon. Mtoto wa rafiki yangu. Nilikuona."

Hyangsuk akaanza kuinuka kwenye kiti.

"Nywele zilikuwa nyingine, nguo nyingine, hata jina nadhani. Ningekupita. Lakini ulicheka. Nikasema, meno yale nayajua, yale yalimchekea mwanangu juu ya mgongo wake." Akakata kipande. "Na mzee wako alikuwa amekaa mbele na mke mwingine. Nusura niende nikamwadhibu."

"Bi Ryu, mimi..."

"Usisimame. Kula." Akamsogezea sahani. "Nilikasirika. Siku tatu sikuzungumza na mtu. Halafu nikawaza, msichana hana mtu duniani mpaka akalipe mama, na mimi nakaa nimenuna kwa sababu ya nini? Kwa sababu nilidanganywa habari za vitambaa?"

"Anajua kwamba unajua?"

"Nilimwambia jana usiku, yeye na mwanangu. Nilisema, kesho bibi aje, kwa sababu nimekwisha wakaribisha watu. Msichana alilia sana. Kisha akala mabakuli mawili ya supu, nikajua ametua mzigo aliokuwa nao." Bi Ryu akapumua. "Ile habari ya picha pia amenieleza. Aliogopa ningesema mama gani huyu wa mashambani. Mimi! Nimezaliwa kwenye zizi la nguruwe. Meno haya," akaonyesha yake, meupe, yaliyopangika, "ni vigamba. Unaniona namenya pea? Kula nala vipande hivi hivi, vya mtoto. Kuuma siwezi, nimeshavunja viwili."

Wakala pea. Ilikuwa tamu, yenye maji mengi. Hyangsuk hakujua aweke wapi uso wake. Alizoea kupendwa kwa jina la mtu mwingine kwa saa chache, kisha kuvua hanbok na kwenda zake. Hili la kujulikana lilimchosha kuliko kazi.

"Sasa nikuulize," Bi Ryu akasema. "Mimi bado nafanya kazi. Narae halali. Siku moja moja, huwezi kuja? Siyo kwa yule meneja wenu. Uje tu. Katikati ya wiki huna harusi, nadhani."

"Mimi si mama yake."

"Najua si mama yake. Nimekuuliza kama utakuja."

"Sijui," Hyangsuk akasema, na huo ndio ulikuwa ukweli. "Nimechoka, Bi Ryu. Sijui kama nina kitu cha kumpa mtu."

Bi Ryu akafuta kisu. "Basi njoo umechoka. Hapa wote tumechoka."

Wakiwa kwenye lifti, Pyo alimuuliza kuna nini, mbona kimya. Akamweleza. Pyo akavua tai. "Yaani nilipoteza nusu saa kueleza bei za hariri kwa watu wanaojua," akasema kwa uchungu wa kweli.

Usiku ule hakuvaa plastiki. Wala kesho yake. Mwisho wa juma alipita kwa Daktari Noh akamwambia anatosheka na hapo yalipofika. Daktari akayapima kwa ubao wa rangi, akaandika, akasema, "Maji ya pili ya mchele. Umezidi nilichoahidi," akamruhusu aende akale kimchi. Meneja Gu naye alipopiga kumwambia kwamba kwa meno haya anaweza kurudi kuwa mama, Hyangsuk akasema atabaki kwa mashangazi. Gu alidhani anataka kuongezwa malipo. Alimwacha adhani hivyo.

Zaidi ya wiki mbili zilipita kabla hajakwenda. Mara mbili alifika stesheni akarudi. Jumatano ya tatu alijikuta mbele ya mlango wa ghorofa ya kumi na mbili, amevaa suruali ya nyumbani na fulana, na bakuli la figili mkononi. Narae akafungua. Walitazamana. Mtoto alikuwa analia ndani, sauti ya kukereka, ya mtoto aliyelia tangu alfajiri.

"Sijui nikuite nani," Narae akasema.

"Niite utakavyo, mwanangu, lakini nipishe kwanza, bakuli linanivunja mkono."

Narae akapisha. Akachukua bakuli, na alipolipokea akasema haraka haraka, kama mtu anayetema kitu cha moto, "Ile picha ninayo. Ile yenyewe, kabla haijapakwa rangi."

"Iweke," Hyangsuk akasema. "Nenda kalale."

Alimchukua mtoto, akaketi naye kwenye kochi, akampigapiga mgongo bila wimbo, maana hakujua nyimbo za watoto. Mtoto alilia, akalalamika, akanyamaza. Chumbani Narae alikuwa amekwisha zama usingizini, mlango wazi, soksi moja mguuni. Hyangsuk alitaka kuinuka akamlaze mtoto kitandani mwake, akaona uvivu. Akajiegemeza. Bi Ryu aliporudi kutoka kazini jioni aliwakuta wote watatu wamelala, naye akavua viatu polepole mlangoni asiwaamshe.